Tarehe 17 Januari na Wafu Wasio na Tarehe

Kila mwanzo wa mwaka, mara tu shamrashamra za Noeli zinapotulia, shule zetu hufunga milango siku mbili mfululizo. Tarehe 16 Januari taifa humkumbuka Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi Kinshasa mwaka 2001. Tarehe 17 humkumbuka Patrice Emery Lumumba, aliyeuawa Katanga mwaka 1961. Kati ya mauaji hayo mawili ipo miaka arobaini kasoro siku moja. Kwa vijana wetu wengi siku hizo ni za kulala hadi jua lipande, au za kwenda na wazazi kung'oa maharage. Wala hatuwalaumu, kwa kuwa maharage hayawasubiri mashujaa. Lakini kwetu sisi wa Kivu ya Kaskazini tarehe 17 Januari ina jambo la pili ambalo Kinshasa halikumbukwi sana. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka.

Ninyi mlio katika vikundi vya vijana leo, wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mlikuwapo mwaka 2021, usiku ule wa tarehe 22 Mei, na kwa hiyo mnaujua mlima huo vya kutosha. Ule wa 2002 ulikuwa na namna yake. Moto haukumwagika kutoka kileleni, mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, bali ubavu wa kusini wa mlima ulichanika kwa nyufa zilizoshuka kuelekea mjini, na mawe yaliyoyeyuka yakatoka chini, karibu na nyumba za watu. Mkondo mmoja ulipita katikati ya Goma hadi ukaingia ziwani. Mwingine ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea pamoja na maduka na makazi. Watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha, na wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, na wengine walishika njia ya magharibi kuelekea Sake.

Hao wa Sake ndio tuliowapokea sisi. Katika vilima vyetu vya Masisi, ambavyo watu wake wamezoea kushuka Goma na magodoro kichwani wakiikimbia vita, safari hiyo njia iligeuka: watu wa mjini walipanda kwetu, wenye viatu vya ngozi, wakiuliza kama kuna mahali pa kulaza watoto. Usiku anga la upande ule lilikuwa jekundu kama jiko lililofunikwa nusu. Tulikula nao viazi na maziwa. Baada ya siku chache wengi walianza kurudi, mawe yakiwa bado ya moto chini ya miguu yao, na hakuna mamlaka iliyoweza kuwazuia.

Basi katika mkutano mmoja wa vijana, tulipokuwa tukiorodhesha mambo yaliyotukia tarehe hiyo, binti mmoja aliuliza swali ambalo wenziwe walikuwa nalo moyoni: je, tarehe 17 Januari ina laana? Na kama ina laana, si ingefaa kila mwaka siku hiyo tufunge na kusali ili mabaya yasirudi?

Kusali ni kuzuri siku yoyote. Lakini swali la laana tulilichukua kwa uzito, kama mwalimu anavyopaswa kulichukua swali la kweli, na badala ya kumjibu kwa maneno tulimpa kazi ya hesabu. Tulikuwa vijana arobaini na mmoja chumbani. Kumi na mmoja tuliwaweka kando, na sababu yake tutaieleza. Waliobaki, thelathini, kila mmoja aliandika kwenye karatasi siku na mwezi wa kuzaliwa kwake. Kabla ya kufunua karatasi tuliwauliza: mwaka una siku 365, ninyi ni 30, je, wapo wawili miongoni mwenu waliozaliwa tarehe moja? Karibu wote walisema hapana, na mmoja akaongeza kwamba ingekuwa muujiza. Karatasi zilipofunuliwa, wavulana wawili walikuta wote ni wa tarehe 9 Agosti. Kelele ilikuwa kubwa.

Wanahesabu wanajua kwamba wakikusanyika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuwa na siku moja ya kuzaliwa tayari unazidi nusu. Wakiwa 30, ni kama mara saba katika kumi. Mtu hulikataa jambo hili kwa sababu hujifikiria yeye peke yake: nani hapa ana tarehe yangu? Husahau kwamba watu 23 wanaweza kuunganishwa wawili wawili kwa njia 253, na kila jozi ni nafasi moja ya kukutana. Sasa chukueni mambo yote makubwa ya dunia, si 23 wala 30 bali maelfu kwa maelfu, mkayagawe katika siku za mwaka. Hakuna siku itakayokosa damu, hakuna itakayokosa moto, na hakuna itakayokosa mtoto aliyezaliwa kuwafurahisha watu. Tarehe 17 Januari 1942 alizaliwa Muhammad Ali, yule aliyekuja Kinshasa kumpiga George Foreman mwaka 1974, na ambaye wazee wetu humtaja hadi leo wakitabasamu. Anayetafuta laana katika tarehe ataipata katika tarehe yoyote, na anayetafuta baraka vivyo hivyo.

Kuhusu laana tuliishia hapo. Lakini vijana walikwisha kunogewa, na mmoja wao alileta jambo lililotushangaza hata sisi. Alikuwa amesoma kwamba tarehe hiyohiyo 17 Januari 1961 rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alitoa hotuba yake ya kuwaaga wananchi, akiwatahadharisha juu ya nguvu za jeshi na viwanda vya silaha zinapoungana. Siku tatu baadaye John Kennedy alichukua kiti chake. Kijana yule alisema: tazameni, saa ileile anayohubiri dhidi ya silaha, huku Lumumba anauawa.

Je, ilikuwa saa ileile? Tulikaa tukahesabu, maana habari nzuri ikikosa kupimwa huharibika. Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, alitolewa kambini Thysville, inayoitwa sasa Mbanza-Ngungu, akasafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, akipigwa njia nzima. Walifika alasiri. Usiku wa siku hiyohiyo walipelekwa porini nje ya mji na kupigwa risasi, yapata saa tatu na dakika arobaini. Eisenhower alihutubia saa mbili na nusu usiku kwa saa za Washington. Wakati huo Lubumbashi ilikuwa saa tisa na nusu za usiku, tarehe 18. Lumumba alikuwa amekwisha kufa kwa muda wa karibu saa sita. Kwa kalenda ni siku moja; kwa jua ni siku mbili.

Na mambo mengine ya tarehe hiyo yakaanza kuteleza vivyo hivyo mikononi mwetu. Vita vya Ghuba: mabomu ya kwanza yaliangukia Baghdad kabla ya mapambazuko ya tarehe 17 Januari 1991, lakini Wamarekani waliokuwa mbele ya televisheni zao walikuwa bado katika jioni ya tarehe 16. Tetemeko la Kobe huko Japani, lililoua watu zaidi ya 6,000, lilitokea alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995. Saa hiyo Masisi tulikuwa tunalala usiku wa tarehe 16. Hata pambano la Ali na Foreman lilipigwa saa kumi za usiku tarehe 30 Oktoba, Kinshasa ikikesha, ili huko New York liwe burudani ya saa nne usiku, tarehe 29.

Kiswahili chetu kimelijua jambo hili zamani. Husema usiku wa kuamkia tarehe fulani, kana kwamba usiku ni mali ya siku inayokuja na si ya siku iliyokwisha. Kanisa nalo huhesabu hivyo kwa sikukuu zake: Dominika huanza Jumamosi jioni, kama Wayahudi wanavyoianza Sabato yao jua linapotua. Mtu akitaka kushika hesabu hiyo, Lumumba aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 18. Hatusemi hivi ili kuibadili sikukuu ya taifa. Tunasema ili vijana waone kwamba tarehe ni kazi ya watu: mtu fulani, mahali fulani, mwenye saa na kalenda, aliamua kuandika hivi na si vile.

Na tarehe ya Lumumba ilikuwa karibu isiandikwe kabisa. Waliomuua walinyamaza. Ni tarehe 13 Februari 1961, wiki karibu nne baadaye, serikali ya Katanga ilipotangaza kifo chake, nayo ikasema kwamba alitoroka gerezani na kuuawa na wanakijiji. Wakati huo miili ilikuwa imekwisha fukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Mjane wake, Pauline Opango, alitembea katika mitaa ya Léopoldville kwa maombolezo, akidai mwili wa mumewe, hakupewa. Fikirini wiki hizo nne. Mke anahesabu siku za mume aliye kifungoni, kumbe kila siku anayohesabu ni ya maiti. Kama uongo ule ungeshika, leo shule zetu zingefungwa Februari.

Haukushika kwa sababu wapo waliochimbua. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji wa wakati ule walikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo hicho, na Februari 2002, Goma ikiwa bado inafuka moshi, serikali ya Ubelgiji iliomba radhi. Jino moja, ambalo polisi wa Kibelgiji aliyeshughulikia miili alikuwa amejiwekea, lilirudishwa kwa familia Juni 2022, na tarehe 30 mwezi huo, sikukuu ya uhuru, likazikwa Kinshasa. Miaka 61 kungojea mazishi. Tarehe hiyo ya kuzika ilichaguliwa. Tarehe ya kufa haikuchaguliwa na marehemu wala na familia, ilibidi ipatikane kwa jasho.

Hapa mmoja wa vijana wa kwaya, ambaye husoma sana maisha ya watakatifu, alitukumbusha kwamba tarehe 17 Januari Kanisa humwadhimisha Antoni Abate wa Misri. Tulifurahi, maana tulikuwa tukimngojea. Mtakatifu Atanasi, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Antoni alipokaribia kufa aliwaagiza wanafunzi wake wawili wamzike kwa siri na wasimwambie yeyote mahali pa kaburi, kwa sababu hakutaka mwili wake utunzwe na kuheshimiwa majumbani kama ilivyokuwa desturi ya Wamisri wa wakati huo. Watu wawili, basi, wa tarehe moja, ambao miili yao ilifichwa. Mmoja alificha mwenyewe mwili wake ili watu wamtazame Mungu. Mwingine alifichwa na wauaji ili watu wasahau. Ufanano kama huu hauna maana yoyote ya unajimu. Lakini ukitazama viwili hivyo pamoja, unaelewa vizuri zaidi ni kitu gani hasa kilichotendwa kule Katanga.

Watawala nao hupenda kuchagua tarehe na kuziamuru. Sisi tuliosoma shule zama za Zaire tulicheza na kuimba tarehe 20 Mei, siku ya chama, na tarehe 24 Novemba, siku Mobutu alipotwaa madaraka mwaka 1965. Uwanja ule wa mpira wa Kinshasa alipopigania Ali uliitwa kwa jina la tarehe: 20 Mei. Nani anazikumbuka leo? Mwaka 1997 zilizimika kama taa ya mafuta. Ajabu ni kwamba tarehe 24 Novemba ilikuwa na jambo jingine, zito zaidi kwa familia nyingi: mwaka mmoja kabla ya Mobutu, tarehe hiyohiyo 1964, askari wa miavuli wa Kibelgiji walishuka Stanleyville, Kisangani ya leo, na damu ya mateka na ya raia ikamwagika siku hiyo na siku zilizofuata. Tuliimba na kucheza juu ya siku hiyo miaka mingi bila mwalimu yeyote kututajia. Siku hizi tarehe 2 Agosti, ambayo mwaka 1998 vita vilianzia Goma, imewekwa kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa vita vya nchi yetu. Hiyo tunaiona ni hatua njema, ingawa siku moja kwa wafu wengi kiasi hicho ni nyembamba mno.

Turudi sasa kwa wale kumi na mmoja tuliowaweka kando. Hawa wote, kwenye karatasi zao, waliandika tarehe 1 Januari. Wangeharibu hesabu yetu, kwa sababu hawakuzaliwa tarehe hiyo. Walizaliwa njiani, au kambini, au msituni. Sheria inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, lakini siku 90 za mama anayekimbia si siku 90 za mama aliyetulia nyumbani. Alipofika mbele ya mtu mwenye kalamu aliulizwa tarehe, akataja mwaka, na mwenye kalamu akajaza iliyobaki. Vitabu vyetu vya ubatizo vimejaa Januari za namna hiyo. Na Januari 2023, vita vilipofika Kitshanga na sisi wa Burungu tukatawanyika, baadhi ya madaftari ya kanisa dogo na ya shule hayakuonekana tena.

Hayo ni ya waliozaliwa. Ya waliokufa ni magumu zaidi. Kila mwaka katika shirika zetu za mitaa wanakuja watu kuomba nia ya misa kwa marehemu wao, na tukiuliza tarehe, wengi huinamisha kichwa. Wanajua ilikuwa vita vya nani, ilikuwa kwenye kilima gani, mvua ilikuwa inanyesha au la. Tarehe hawana. Wengi huishia kusema: mwandikieni tarehe 2 Novemba, pamoja na wafu wote. Ni haki yao, na sala ni ileile. Lakini tumeona mara nyingi namna wanavyosema hivyo, kwa sauti ya mtu anayekubali kuketi nyuma.

Kwa hiyo sisi na vijana tulianza kazi moja, isiyo na jina, kwa daftari la kawaida la kurasa mia moja. Tunawaendea wazee na kutumia tarehe zinazojulikana kama misumari ya kutundikia zile zisizojulikana. Volkano ni msumari mzuri kuliko yote, kwa maana hakuna aliyeisahau. Mtoto alikuwa anatambaa au anatembea wakati wa volkano? Mlikuwa mmekwisha panda maharage? Mwili ulizikwa kabla wageni wa Goma hawajarudi kwao, au baada? Bibi mmoja hakujua hata mwaka aliojifungua kitinda mimba wake, lakini alijua kwamba siku ya arobaini ya mtoto ilifanyika nyumba ikiwa imejaa watu waliounguliwa na mji. Kutoka hapo tulirudi nyuma hadi wiki za kwanza za Desemba 2001. Kwa volkano ya 2021 kazi ni nyepesi zaidi, maana simu zina picha na picha zina tarehe.

Si kila mara tunafaulu. Kati ya majina 64 tuliyokwisha andika, 19 tu yamepata siku kamili, na mengine yana mwezi, au majira tu, au nafasi tupu. Tunaziacha tupu. Tumewakataza vijana kabisa kujaza 1 Januari.

Juma lililopita tulikuwa kwa mzee mmoja, mchungaji wa ng'ombe, ambaye mke wake alifariki kwa homa muda mfupi baada ya moto ule wa Nyiragongo. Alikuwa na uhakika wa mambo mawili: ilikuwa Dominika, na ilikuwa Dominika ya pili tangu anga liwe jekundu, kwa sababu ile ya kwanza mke wake alikuwa bado na nguvu za kuwapikia wageni. Kijana aliyeshika daftari alihesabu kwa vidole. Alhamisi 17, Ijumaa 18, Jumamosi 19, Dominika 20. Kisha wiki moja. Aliandika 27 Januari 2002 mbele ya jina la marehemu, akamsomea. Mzee alimwomba asome tena, polepole, naye akawa anarudia kila neno nyuma yake: ishirini na saba, Januari, elfu mbili na mbili. Halafu akatuuliza mwaka ujao itaangukia siku gani ya juma.